Kipimo cha Bi Mwatum

Pale Jadida, mjini Wete, hakukuwa na bibi harusi aliyeingia ndani bila nguo zake kupita mikononi mwa Bi Mwatum, mpishi wa udi wa kufukizia nguo. Hilo halikuwa jambo la kubishana. Mabinti wa wenye mikarafuu walipita, mabinti wa wavuvi walipita, na hata wale ambao mama zao walisema hawana haja ya udi wa mtu kwa kuwa wanapika wenyewe, zikibaki siku mbili kabla ya harusi ungemwona shangazi mtu anakata uchochoro, kajifunika buibui hadi kwenye nyusi, anabisha hodi kwa Bi Mwatum. Udi wake ulikuwa na sifa moja tu ambayo udi wa wengine haukuwa nayo. Ulikaa. Wengine udi wao ulipanda, ukajaza nyumba, ukasifiwa, na kabla wageni hawajanawa mikono baada ya biriani ulikuwa umeshakwenda zake. Udi wa Bi Mwatum ukiingia katika kanga, kanga hiyo ikatiwa sandukuni, siku ya saba ya fungate sanduku hufunguliwa na harufu iko palepale ilipoachwa.

Siku hiyo ya kufungua sanduku iliogopwa kuliko harusi yenyewe. Kina mama watatu au wanne wa upande wa bwana harusi, wenye pua kali na ndimi kali zaidi, hukaa mkekani wakainusa nguo moja moja, na watakachokisema hapo ndicho kitakachosemwa kisimani mwaka mzima. Bi Mwatum hakupata kuanguka mbele ya sanduku, miaka ishirini na mbili. Alijua hivyo, na alipenda watu wajue kwamba anajua. Ukimsifu alisema, ah, kazi ya Mungu, kisha akakaa wima kusubiri uendelee.

Siri ya kukaa kwa udi ule ilikuwa manemane. Kila mtu Wete aliijua manemane, na hapo ndipo ilipojificha. Ni utomvu wa mti uliogandamana, mwekundu wa kahawia, mchungu wa kukunja uso, ukiletwa kutoka pande za Wasomali na kuuzwa na Nassor, Mshihiri mwenye duka la dawa karibu na soko. Mtoto akikataa kuacha ziwa, mama hujipaka manemane, na mtoto akionja mara moja harudi tena. Mwanamke akijifungua, chumba chake hufukizwa manemane siku arobaini. Sasa nani mwenye akili zake atakayewaza kutia dawa ya mzazi katika udi wa harusi?

Bi Mwatum hakuwaza, aliletewa na msiba. Ujanani alizaa mtoto mmoja, wa kike, ambaye hakuzifikia hizo siku arobaini. Kanga ya chumba kile aliikunja akaitia chini ya sanduku kwa kuwa hakuweza kuifua wala kuitupa. Mwaka wa tatu aliifungua, akakuta ubani umeondoka, mafuta yameondoka, hata harufu ya mtoto imeondoka, imebaki manemane peke yake, imekaa kama mwenye nyumba. Alilia sana siku ile. Alipomaliza kulia, fundi aliyekuwa ndani yake alinyanyua kichwa akasema: kumbe hiki ndicho kinachokaa.

Tangu hapo, katika kila sufuria ya udi alitia kipande kimoja cha manemane, kadiri ya kokwa la kunazi, lisilozidi ncha ya kidole, hakuzidisha wala hakupunguza. Alikisaga mlango ukiwa umefungwa. Dukani kwa Nassor aliinunua pamoja na shubiri na habasoda, huku akilalamikia tumbo, ili Nassor naye amwone mgonjwa tu kama wanawake wengine. Nyumbani kopo la manemane lilikaa juu ya rafu ya dawa, mbali na vyombo vya udi. Hakupata tena mtoto, na siri ile aliilea kama mtoto.

Siti aliletwa kwake kutoka Mtambile akiwa na miaka kumi na mitano, msichana mkimya mwenye mikono mirefu. Aliletwa asaidie kazi za nyumba, lakini siku ya tatu tu, akiwa anafagia, alisema kwa sauti ndogo kwamba sukari jikoni inakaribia kuungua. Bi Mwatum alikuwa amekaa karibu na jiko hilo na hakunusa kitu. Akamtazama vizuri mtoto yule. Ndipo alipoanza kumfundisha: kuyeyusha sukari mpaka iwe rangi ya chai ya rangi, kulowesha unga wa sandali kwa mawardi, yale maji ya waridi, kuchagua vipande vya udi kwa uzito na si kwa ukubwa, kupindua tenga la ukindu juu ya chetezo chenye makaa na kutandaza nguo ili moshi uingie bila kuzipaka masizi. Siti aliolewa, akaachwa, akarudi, akaendelea pale alipoishia. Alimwita Bi Mwatum mama, na Bi Mwatum alimwita mwanangu, na wote wawili hawakuwa wakitania.

Lakini ilipofika saa ya manemane, mwanangu alitumwa kisimani.

Wivu hauanzi siku unayoujua. Bi Mwatum alidhani wake ulianza kule kwa jirani mmoja, Ahmada, kwenye harusi ya mwanawe, pale mama mmoja alipotia kichwa mlangoni akauliza, "Yuko wapi Siti?" Aliuliza tu, alitaka chetezo kihamishwe. Bi Mwatum alikuwa amekaa palepale mbele yake, fundi mwenyewe, na yule mama alimpita kwa macho kama anayepita kiti. Jambo dogo, utasema. Bi Mwatum naye alijiambia jambo dogo, na akalikumbuka kila siku kwa muda wa mwaka mzima. Akaanza kuhesabu: leo fulani kamsalimia Siti kabla yangu, leo fulani kasema mikono ya Siti mizuri. Usiku angemwekea Siti kipande kikubwa cha samaki, na asubuhi angemkemea kwa kufagia vibaya.

Mwaka wa hamsini na tisa, karafuu zilipokuwa zimezaa mpaka matawi yakainama, mumewe Silima alifariki. Alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaa, mtu mpole aliyependa kusema kwamba yeye huita watu kwa sauti na mkewe huwaita kwa pua. Homa ya siku nne ikamchukua. Bi Mwatum alimpenda mumewe, na mtu asimzulie jingine. Ila ni kweli pia kwamba alimlilia kwa jicho moja, na kwa jicho la pili aliona hesabu ya eda, miezi minne na siku kumi, ikiangukia kwenye msimu wa harusi. Mwenye eda hajitii manukato. Na kwa ukoo wa Silima, watu wa dini ya kukaza, manukato hayalali hata chini ya paa moja na mwenye eda.

Siku ya pili ya msiba akaja wifi yake, Mwanawema, dada yake Silima, na wanawake wengine wawili, wakaitakasa nyumba. Walichukua udi na sandali, ubani na miski, chupa za mawardi, vyetezo, matenga, hata mkungu wa udongo wa zamani uliokuwa na masazo ya dalia, poda ya manjano ya kujipaka. Mwanawema akaamua vyote viende kwa Siti, aliyekuwa amekodi chumba nyumba ya nne, viwe amana mpaka eda itoke. Bi Mwatum alikaa kitandani na kanga zake mbili zilizopauka, akiangalia miaka yake ishirini na mbili ikitolewa nje kwa vikapu. Mwanawema alifika kwenye rafu ya dawa, akashika kopo moja, akafungua, akanusa, akalirudisha.

"Hino ni manemane," aliwaambia wenzake. "Dawa. Iacheni."

Ndani ya msiba ule, Bi Mwatum nusura acheke. Kila kitu kimekwenda kwa Siti, na kile kimoja chenye thamani kimebaki juu ya rafu, kimeachwa na watu wa dini wenyewe.

Basi akakaa eda. Mavuno yakamalizika, karafuu zikauzwa, na harusi zikafuatana kama watu kwenye foleni ya maji. Dirisha la chumba chake lilitazama uchochoro, na kila siku mbili tatu alimwona Siti akipita na tenga kichwani. Siti alipita polepole mbele ya dirisha, akatoa salamu, akauliza hali, akaleta mchuzi, akachota maji, akasugua miguu ya mama yake kwa mafuta ya nazi yasiyo na harufu. Haki yake alipewa: hakukosa hata siku moja. Na kila wema ulimchoma Bi Mwatum kuliko tusi, kwa sababu tusi angelijibu. Akiisha kuondoka, mjane yule alikaa akisikiliza vigelegele vya mbali, akijua ni nyumba ipi, akajiuliza kama kuna hata mtu mmoja humo aliyesema laiti Bi Mwatum angekuwepo.

Faraja yake ilikuwa kopo lile. Mwanawema, aliyekuwa akishinda naye, alileta habari bila kujua anauza nini. Alisema udi wa Siti ni mzuri, mzuri sana, ila watu wanasema hauna miguu, siku ya saba sanduku linafunguliwa unakuta harufu ya sanduku. Bi Mwatum alisema maskini, mtoto bado anajifunza. Kisha aligeukia ukutani, moyo wake ukacheza ngoma. Akaona haya kwa ngoma hiyo, lakini haya hazikuizima.

Zilipobaki siku ishirini na saba eda kutoka, ikasikika kwamba Tamima, binti wa Mzee Marhoun, anaolewa. Hii haikuwa harusi ya kusikia dirishani. Tamima alikulia miguuni pa Bi Mwatum, mtoto wa nyumba kubwa aliyekuwa akitoroka kwao kuja kulamba sukari iliyoganda kwenye mwiko. Tangu ana miaka mitano aliahidiwa: wewe udi wako nitaupika mimi kwa mkono wangu. Na bwana harusi alikuwa mjukuu wa Bi Shariffa, bibi kizee aliyezaliwa Maskati akaletwa Pemba mdogo, na ambaye pua yake iliogopwa kisiwa kizima. Bi Shariffa aliwahi kuamuru sanduku zima lirudishwe kwao mwenye binti likafukizwe upya. Atakayepita mbele ya Bi Shariffa hana haja ya kusifiwa na mtu mwingine tena. Bi Mwatum alimuomba Mwanawema aulize kama harusi haiwezi kusogezwa mwezi mmoja. Jibu likaja kwamba bwana harusi anasafiri, na kwamba si neno, Siti yupo.

Si neno, Siti yupo. Aliyatafuna maneno hayo siku mbili.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, Siti mwenyewe alikuja. Hakukaa kitandani kama kawaida yake, alikaa chini, mikono magotini. Alisema zimebaki siku tisa. Alisema amepika mara tatu na mara tatu udi umempotea kabla ya siku ya tano, na sasa anaogopa mpaka hali chakula.

"Mama, mficha uchi hazai, nami sitaki kukuficha," alisema. "Kuna kitu mie sikijui. Nlikuwa nkikitafuta katika mkono wako miaka yote, sikukiona. Kama chamba ni siri yako, basi niambie tu husemi, nende kwa Mzee Marhoun nikaseme siwezi."

Bi Mwatum alikuwa na njia tatu mbele yake na zote alizijua. Angeweza kusema hakuna kitu, na Siti angekwenda kujitoa, na harusi ingepikiwa na mtu wa Chake Chake. Angeweza kusema kweli: kokwa la kunazi, basi. Alimtazama mtoto yule aliyekaa chini, akaona ile mikono mirefu, akamwona Bi Shariffa akiibusu mikono hiyo mbele ya wanawake wote wa Wete, na yeye yuko hapa na kanga zilizopauka. Akainua kidole akaonyesha rafu.

"N'pe kopo lile."

Siti alilileta, akalifungua, akashangaa. Aliuliza kama hii si manemane, ya kuachishia watoto ziwa. Bi Mwatum alimwambia ndiyo, ndicho alichokuwa akikitafuta. Na hapo, kwa sauti ileile aliyomfundishia kuyeyusha sukari, akamwambia kipimo.

"Kikombe cha kahawa. Kizima, kimejaa. Kwa sufuria moja."

Siti alilitazama kopo. "Kikombe, mama?"

"Umeuliza, nimekujibu."

Siti aliubusu mkono wa mama yake, akaondoka na kopo. Bi Mwatum alibaki anautazama mkono uliobusiwa. Alijua vizuri alichokifanya. Kikombe kizima cha manemane kitaufunika udi na sandali na miski, na chumba cha Tamima kitanuka chumba cha mzazi. Bibi harusi mwali, na nyumba inanuka siku arobaini! Watu watatazamana kabla ya kucheka. Na watakapomaliza kucheka, watasema: kweli fundi ni mmoja.

Siku zilizofuata hakula vizuri. Mara nyingi alimwambia Mwanawema, "Wifi, hebu," na Mwanawema alipogeuka alimwomba maji. Maneno yalikuwa mepesi, kamwambie Siti apunguze, maneno matatu tu, na nyumba yenyewe ilikuwa ya nne. Alimwona Tamima wa miaka mitano na mwiko wake wa sukari. Halafu aliwasikia watu wakisema si neno, Siti yupo, akanyamaza. Alijiambia kuwa mwenye eda hafai kuingia mambo ya manukato, hata kwa maneno. Mtu akitaka kufanya ubaya, dini humpa kisingizio kama anavyokitaka.

Harusi ikapita. Vigelegele vilisikika, ngoma zikasikika, na hakuna habari mbaya iliyokuja. Udi siku ya kwanza hausemi kitu, alijiambia. Akangoja fungate. Siku ya saba Mwanawema alialikwa kwenye kufunguliwa sanduku kwa kuwa yeye na mama yake bwana harusi walisoma chuo kimoja. Bi Mwatum alikaa peke yake tangu asubuhi, akasikia kila mlango wa mtaa uliofunguliwa.

Mwanawema alirudi karibu na magharibi, ameshiba, na mtu aliyeshiba hana haraka. Alivua buibui. Alisema kina mama walikuwa wengi. Alisema chai ilikuwa na hiliki ya kutosha. Bi Mwatum alimuuliza na sanduku je. Mwanawema alisema lilifunguliwa, na harufu ya kwanza iliyotoka ilikuwa ngeni, kama ya uchungu, mpaka mtu mmoja nyuma akakohoa. Bi Shariffa alitia uso wake wote ndani ya sanduku.

"Nkasema leo Siti keshaumbuka," alisema Mwanawema. "Yule bibi alikaa humo mpaka tukaogopa. Alipoinua kichwa, machozi yanamtoka."

Bi Shariffa alikuwa amesema kwamba tangu aletwe Pemba hajapata kunusa udi ulio mtu mzima, kwamba huu unaanza kwa uchungu kama maisha ya ndoa yenyewe, kisha ukingoja unapata utamu wake chini, na utamu huo haukimbii. Alimwita Siti mbele ya watu, akamkalisha ubavuni pake. Siti akaanza kusema neno, lakini Mwanawema hakulisikia, alikuwa ameitwa kupokea sinia. Alichosikia ni kwamba watu wa Chake wamemchukua palepale, amekwenda kwa harusi mbili, na atarudi eda itakapotoka.

Mtu mwema angeshukuru. Bi Mwatum alikuwa ameomba mtoto aungue na mtoto hakuungua. Tamima alikuwa salama, jina la Siti lilikuwa salama, na dhambi yake haikumdhuru mtu. Lakini hakushukuru. Wivu ulimjia mzima mzima, ukampanda mpaka akashika nguzo ya kitanda. Alikuwa ameitoa siri yake kwa mkono wake ili imuue mtu, na siri ikamtawaza. Kanga ya mtoto wake, miaka ishirini na mbili ya kufunga mlango, kokwa la kunazi kwa kokwa la kunazi, na leo Siti amekaa ubavuni pa Bi Shariffa. Hata kosa langu, alijiambia, hata kosa langu mwenyewe limekwenda kumtumikia yeye.

Siku nane zilizobaki aliishi na hilo. Alipanga maneno. Siti akija na kiburi chake kipya, atamwambia mbele ya watu: nilikufundisha mimi, uliokotwa Mtambile huna hata kanga ya pili. Aliyapanga vizuri, akayarudia akiwa anakunja msala.

Eda ikatoka siku ya Alhamisi. Wanawake wa mtaa walikuja kumuogesha na kumvisha, kama desturi, na nyumba iliyokaa miezi minne bila harufu ikajaa watu. Siti aliingia akiwa na vikapu. Alirudisha amana yote mbele ya mashahidi: udi, sandali, ubani, miski, mawardi, hata mkungu wenye masazo ya dalia. Vifundo alivyovifunga Mwanawema siku ya msiba vilikuwa havijafunguliwa hata kimoja. Siti alikuwa amejinunulia vyake tangu siku ya kwanza. Kisha akatoa kopo la manemane, lililojaa tena mpaka ukingoni, akaliweka mwenyewe juu ya rafu ya dawa.

Bi Mwatum alifungua mdomo kwa yale maneno yake. Siti alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, anacheka na macho yamejaa machozi.

"Mama, nusura nikuvunjie heshima," alisema. "Nlipopika mara ya kwanza kwa kikombe, chumba kilinuka mzazi. Nkalia. Nkataka kupunguza. Halafu nkajiambia, mama hawezi kukosea, kikombe ni kikombe, mie ndiye nisiyejua kukitumia."

Akaeleza mbele ya wote. Aliilowesha manemane katika mawardi siku tatu, akayabadilisha mawardi kila asubuhi mpaka ukali ukalainika. Aliianika kivulini juu ya sinia, akaisaga pamoja na sandali, na akaitia ndani ya sukari ilipokuwa imeanza kupoa, si ikichemka. Hakuna mtu aliyemfundisha hayo. Aliyatafuta kwa kuwa aliamini kwamba kipimo alichopewa ni cha kweli, na kwamba aliyempa anampenda.

"Bi Shariffa aliponiuliza, nkamwambia, huno si udi wangu," Siti alisema. "Nkawaambia wote, na kule Chake nkawaambia. Hiki ni kipimo cha Bi Mwatum. Kaniachia yeye, kwa mkono wake, akiwa katika eda."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bi Mwatum alijaribu kusema, kweli alijaribu, maneno mengine kabisa sasa. Alisema, "Siti, mwanangu, kile kikombe mie," na hapo Mwanawema akawa anamwinua, na Siti akamtandika mabegani kanga mpya iliyofukizwa udi ule. Harufu ilimpanda usoni. Uchungu kwanza. Ndani ya uchungu akakuta chumba cha zamani na mtoto ambaye hakuzifikia siku arobaini, kisha, chini kabisa, kwa kuchelewa, ule utamu aliousema Bi Shariffa. Alikuwa fundi. Hata katika fedheha ile alijua kwamba hajapata kupika kitu kizuri kama hicho maisha yake yote. Akalia, na watu wakasema anamlilia Silima.

Kanga ile ilikaa na harufu yake siku saba, na ya nane, na ya tisa. Aliifua, ikanuka. Aliianika juani, ikanuka.

Bi Mwatum aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapika udi bega kwa bega na Siti, na mlango wa chumba cha kusagia haukufungwa tena. Hakuna bibi harusi aliyetaka ule wa zamani. Walikuja kutoka Chake, kutoka Wesha, kutoka Mtambile, wote wakitaja jina moja, kipimo cha Bi Mwatum, na kila mara mkono wake ulipojaza kikombe cha kahawa, moyo wake uliona kidole chake kikionyesha rafu. Alitaka jina, akalipata, na halikumtoka mpaka anaingia kaburini.

Mara moja tu, mbele ya mkeka uliojaa wanawake, hakuweza tena kuvumilia. Akasema kipimo kile si chake, ni cha Siti, na kwamba yeye alikitoa kwa nia mbaya. Wanawake walitazamana. Kisha mmoja wao akatikisa kichwa taratibu, akawaambia mabinti waliokuwapo wasikilize na wajifunze, maana watu wakubwa wa zamani ndivyo walivyokuwa, hawakubali kusifiwa.